Usivuke saa sita: mimi, spika za bei rahisi na amplifaya mbili

Amplifaya yangu ya kwanza ilikufa saa tatu usiku, sebuleni kwangu Uyole, Mbeya, katikati ya sherehe ya ubatizo wa mtoto wa shemeji. Haikupiga kelele. Muziki ulinyamaza tu, wageni wakadhani umeme umekatika, wakainua macho kutazama taa. Taa zilikuwa zinawaka. Kisha ikaja ile harufu ambayo ukishaijua huisahau, plastiki na samaki vimeungua pamoja. Nikanyanyua kitambaa cha kudarizi alichokuwa ametandika mke wangu juu yake (ndiyo, amplifaya yetu ilikuwa na kitambaa, kama televisheni, kama makochi) nikakuta matundu yote ya kupumulia yamezibwa. Nikamtazama mke wangu. Yeye akazitazama spika nne zilizokuwa zimepangwa ukutani, halafu ndiyo akanitazama mimi.

Aibu yenyewe ni kwamba mimi ni mwalimu wa fizikia. Kanuni ya Ohm nimeiandika ubaoni kwa miaka tisa. Wanafunzi wangu wanaweza kukokotoa ukinzani wa vitu viwili vilivyofungwa sambamba huku wanasinzia. Lakini sherehe inataka kelele, na spika zangu zilikuwa mbili tu, ndogo, zimeandikwa nyuma omu 6 (omu ni kipimo cha ukinzani; zikipungua, mkondo unaopita unazidi). Jirani yangu anayeendesha bajaji akajitolea spika zake mbili za gari alizozichongea maboksi ya mbao. Nikasokota waya zake pamoja na zangu kwenye mashimo yaleyale ya amplifaya, yaani sambamba, zikalia, tukapigiana makofi.

Spika za gari kwa kawaida ni omu 4. Nyuma ya amplifaya yangu pameandikwa omu 6 hadi 16. Hesabu niliifanya kesho yake, nyuma ya daftari la maandalio: 6 mara 4, gawanya kwa 10, unapata 2.4. Yaani kwa volyumu ileile, amplifaya iliyotengenezwa kuhimili mkondo wa omu 6 ilikuwa inavutwa mkondo mara mbili na nusu, na juu yake imevikwa kitambaa. Ningezifunga kwa mfuatano, mkondo upite moja kisha nyingine, ningepata omu 10, sauti ingepungua kidogo, na sherehe ingefika mwisho.

Fundi wangu yuko Mwanjelwa, kwenye kibanda ambacho wateja wawili wakiingia wa tatu anasubiri nje. Alifungua amplifaya, akaigeuza kwenye mwanga, akanionyesha kwa ncha ya bisibisi kitu cheusi kilichopasuka katikati kama mhindi uliochomwa.

"Mwalimu, ulifunga spika ngapi?"

"Nne."

"Sambamba?"

"Sambamba, Fundi."

Akanyamaza kidogo, akaipuliza vumbi. "Na wewe ndiye unayemfundisha mwanangu kidato cha tatu?"

Sikuwa na jibu. Ila siku hiyo alinifundisha kitu ambacho sikuwa nimekiona kitabuni. Alichukua mita yake, akagusa nazo ncha za spika yangu ya omu 6, ikasoma 5.1. Ile ya gari, ya omu 4, ikasoma 3.4. Nikasema kibandiko kinadanganya. Akasema hakidanganyi: mita inapima waya wa koili ukiwa umelala, lakini muziki ukipita ukinzani unapanda na kushuka kufuatana na sauti, na ile namba ya kibandiko ni ya kukadiria tu. Ukikutana na spika ya mtumba isiyo na kibandiko, ikisoma 6 na kitu ihesabu ni ya omu 8, ikisoma 3 na kitu ni ya 4. Tangu siku hiyo siendi kununua spika bila mita mfukoni. Wauzaji wananishangaa, lakini hawanikatazi.

Akabadilisha kile kilichopasuka, shilingi 25,000 na ufundi. Wakati namlipa nikamwuliza jambo lililokuwa linanisumbua: mbele ya hii amplifaya pameandikwa wati 2000, sasa inawezaje kushindwa na spika nne ndogo? Akaigeuza, akaniwekea kidole kwenye kibandiko cha nyuma, pale wanapoandika umeme inaokula. Wati 60.

Nilijisikia mjinga kwa mara ya pili siku hiyohiyo. Kitu kinachokula wati 60 ukutani kitatoaje 2000 kwenye spika? Ni sawa na mtu anayechota ndoo moja kisimani halafu anakuambia amejaza tangi. Zile herufi PMPO zinazofuata namba kubwa kwenye maboksi ni pambo la biashara. Namba ya kutafuta ni ile ya RMS, yaani nguvu ya kweli inayotoka mfululizo, na kama haipo, angalia umeme unaoliwa nyuma, punguza sehemu inayopotea kama joto, gawanya kwa idadi ya spika. Yangu ilikuwa inatoa wati 20 kila upande siku ikiwa na afya njema. Na wati 20, nitakuja kuwaambia, si haba.

Kabla sijaondoka Fundi akanipa sharti moja. "Kitufe cha volyumu, Mwalimu, usivuke saa sita." Akimaanisha ile alama nyeupe ya kitufe isipite pale inapoelekea juu kabisa, kama mkono wa saa. Na kweli, kwenye amplifaya nyingi ukifika saa sita wakati muziki unatoka kwenye simu au deki yenye nguvu, amplifaya imeshamaliza uwezo wake. Nafasi inayobaki upande wa kulia ni ya vyombo vyenye sauti dhaifu.

Likizo ya Juni akaja mtoto wa kaka yangu kutoka Tunduma. Mimi nilikuwa na safari ya semina Iringa, siku mbili. Nikamwachia funguo, nikamwambia muziki apige, ila asivuke saa sita. Kijana akaitikia vizuri kabisa, "Sawa, baba mdogo."

Niliporudi nikakuta spika zinalia kama zimefunikwa blanketi. Besi ipo, sauti ya mwimbaji ipo kwa mbali, ila matoazi hayapo, na herufi "s" kwenye maneno haisikiki. Twita zote mbili, zile spika ndogo za sauti nyembamba, zimekwenda. Nikamwuliza, mbona nilikukataza? Akaapa kwamba alizima saa tano na nusu usiku siku zote mbili. Aulizwe hata jirani. Jirani akathibitisha: kijana alizima mapema, ila ilipokuwa inalia, vikombe vya kabatini kwake vilikuwa vinacheza.

Sikuweza kumgombeza. Kiswahili chenyewe ndicho kilichouza twita zangu.

Lakini swali lilibaki, na hili ndilo lililonifanya nianze kusoma kwa bidii. Spika zimeandikwa wati 50. Amplifaya inatoa 20. Kidogo kinaunguzaje kikubwa? Nilikuwa naamini, kama wengi wanavyoamini hadi leo, kwamba spika huungua amplifaya ikiwa kubwa kuliko yenyewe. Kumbe inategemea. Sauti inakwenda kwa mawimbi ya mviringo, inapanda na kushuka. Amplifaya ndogo ukiilazimisha kupita uwezo wake, haiwezi kupandisha wimbi zaidi, kwa hiyo inalikata kichwa. Wimbi linakuwa bapa juu na chini, kama vilima vilivyopitishwa greda. Wimbi lililokatwa hivyo likawa mraba kabisa linabeba nguvu mara mbili ya lile la mviringo lenye kimo kilekile, na zile kona zake kali ni sauti za juu ambazo hazikuwemo kwenye wimbo. Zinakwenda wapi? Kwenye twita, yenye koili nyembamba kama uzi wa kushonea, ambayo katika spika za bei rahisi huhimili wati chache tu. Zile wati 50 za kibandiko ni za boksi zima, na sehemu kubwa ni ya woofa, ile spika kubwa ya besi.

Na kijana, bila shaka, alikuwa amebonyeza na kile kitufe cha kuongeza besi. Ukiongeza besi kwa desibeli 10 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) umeiomba amplifaya nguvu mara kumi kwenye sauti hizo. Ya wati 20 itazitoa wapi?

Twita mpya za kubandika zilinigharimu shilingi 16,000 kwa pea. Mke wangu akaweka nukta ya rangi ya kucha, nyekundu, pale saa tano kwenye uso wa amplifaya, ili lugha isituponze tena. Lakini ugonjwa ulikuwa umeshaniingia. Nikajiambia: dawa ni amplifaya kubwa. Mzunguko wa kikoba uliponifikia, nikashuka Mwanjelwa na shilingi 380,000, nikarudi na amplifaya ya mtumba ya Kijapani, nzito kama debe la mahindi, wati 50 halisi kila upande, kwenye spika za omu 6 na kuendelea.

Hapa nitoe tahadhari ya haraka, maana mwalimu mwenzangu ilimkuta. Vyombo vilivyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani ni vya volti 100. Umeme wetu ni 230. Mwenzangu alichomeka yake moja kwa moja ukutani, ikawaka sekunde moja. Yangu nilisoma nyuma kabla sijalipa, nikanunua na transfoma ya kushusha umeme. Amplifaya inakula wati 150, nikachukua transfoma ya 300 ili isichemke. Inaunguruma kidogo usiku kukiwa kimya. Nimeizoea.

Nikaifunga kwenye zilezile spika zangu ndogo. Nikaweka wimbo wa dansi la zamani ninaoujua kila pigo. Nikakaa kochini.

Tofauti ilikuwepo. Besi ilikuwa imetulia zaidi, na ukipandisha sauti haikwaruzi. Lakini kwa volyumu ya kila siku, ile ya kusikiliza huku mnakula, ilikuwa ni sauti ileile ya jana. Mke wangu alitoka jikoni, akasimama mlangoni na mwiko, akasikiliza kwa uungwana wa dakika nzima. "Ndiyo hii ya kikoba?" akauliza.

Jumatatu nikaazima mita ya maabara. Jioni nikaweka ncha zake kwenye spika huku muziki unalia kwa kawaida yetu, namba zikawa zinacheza kati ya volti 1 na 2. Chukua 2, zidisha kwa 2, gawanya kwa omu 6: wati 0.67. Hata moja haikufika. Nikapandisha mpaka mke wangu akasema jamani hatusikilizani, nikapata volti 3, wati moja na nusu. Zilikuwa ni wastani tu, kwa kweli. Ngoma ikipigwa, kilele chake huruka mara kumi ya wastani au hata zaidi kwa kufumba na kufumbua, mita isione. Ndiyo maana akiba ya wati 20 au 30 ni lazima. Lakini nilikuwa nimetoa shilingi 380,000 kununua nguvu ambazo sebule yangu ya mita nne kwa tano haijawahi kuziomba.

Yule mwenzangu aliyeunguza amplifaya ndiye aliyenifungua macho, maana spika zake zilibaki bila kazi na akaniazima. Maboksi makubwa kidogo, woofa ya inchi 8, zimechakaa rangi. Nikazifunga, sikugusa volyumu, nikaruka kwenye kochi. Sauti ilikuwa imepanda kana kwamba nimekizungusha kitufe. Na mwimbaji alikuwa amesimama katikati ya zile spika mbili, pale ukutani palipo na kalenda, nikawa namsikia anavyovuta pumzi.

Siri iko kwenye namba ambayo watu hawaiulizi: desibeli ngapi spika inatoa kwa wati moja, ukiwa umbali wa mita moja. Zangu, nilipoitafuta karatasi yake, ni 84. Zake ni 90. Kila desibeli 3 ni mara mbili ya nguvu, kwa hiyo 6 ni mara nne. Yaani amplifaya yangu ya wati 50 kwenye spika zangu inafanya kazi ambayo wati 12 na kitu zingeifanya kwenye spika za mwenzangu. Nikaitoa ile amplifaya ndogo, iliyofufuliwa Mwanjelwa, nikaifunga kwenye spika zake. Ikaimba! Tulisikiliza kwaya jioni nzima bila kuvuka saa nne. Kasoro yake moja tu: spika zinazosikia sana zinasikia na uchafu. Wimbo ukiisha ulikuwa unasikia amplifaya ndogo ikinong'ona sss, ambayo spika zangu za zamani zilikuwa zinaificha.

Kuna amplifaya ya NAD 3020, ya mwaka 1978, ambayo wapenzi wa mambo haya hawachoki kuitaja. Wati zake ni 20 tu kila upande. Sijawahi kuigusa. Lakini zamani nikisoma habari zake nilikuwa nadhani ni ushabiki wa wazee, na sasa siwacheki tena.

Kwa hiyo nilikuwa nimenunua kwa kuanzia mwisho. Sikuirudisha amplifaya, na silii juu yake. Ni kimya, haichoki, na besi inaishika vizuri. Ila kama ningekuwa na zile 380,000 mkononi leo, na nina amplifaya nzima ya wati 20 za kweli, ningezipeleka karibu zote kwenye spika.

Spika zangu za sasa nilizipata kwa 120,000 kutoka kwenye mzigo wa mtumba, omu 8, kwa sababu sponji inayozunguka koni, ile sehemu ya mbele inayotikisika, ilikuwa imeoza. Ukiigusa inabomoka kama keki iliyokaa. Watu wanakimbia spika za namna hiyo, na bei inashuka, kumbe koili na sumaku ni nzima: bonyeza koni polepole kwa vidole vya mikono miwili, ikienda na kurudi bila kukwaruza, ichukue. Fundi alibandika sponji mpya kwa 30,000.

Nikazifunga nyumbani kwa furaha, na besi haikuwepo.

Ilikuwa ajabu. Ukiinama kwenye spika moja, besi unaisikia. Ukikaa kochini, katikati, imetoweka, na mwimbaji hajulikani yuko wapi, yuko kichwani mwako, yuko dirishani. Nikahamisha spika, nikafungua pazia, nikalaumu sponji. Siku ya tatu nikakumbuka betri. Nikatoa betri ndogo ya volti 1.5 kwenye rimoti, nikagusisha upande wa chanya kwenye kishikio chekundu cha spika ya kulia. Koni ikaruka mbele, tk. Nikafanya vilevile ya kushoto. Koni ikarudi nyuma. Ndani ya boksi waya zilikuwa zimebadilishana wakati wa kuchomelea, kwa hiyo moja ikisukuma hewa, nyingine inaivuta, na besi inauana hapohapo katikati ya chumba. Kugeuza waya ni dakika moja. Besi iliyorudi ilimwamsha paka.

Waya nao: zile nyembamba zinazokuja bure ndani ya boksi nimezitupa. Waya wa shaba wa nusu milimita ya mraba, mita tano kwenda na tano kurudi, una ukinzani wa karibu omu 0.34. Kwenye spika ya omu 4 hiyo ni karibu sehemu moja ya kumi na mbili, inaliwa njiani. Natumia waya wa kawaida wa nyuzinyuzi wa 1.5, unaouzwa kwa mita kwenye maduka ya umeme. Yule aliyetaka kuniuzia waya wa dhahabu nilimshukuru nikaondoka.

Mengine ni ya chumba. Spika nimezitoa kwenye kona, maana kona inavimbisha besi mpaka inakera, nikazipandisha kwenye vistuli mpaka twita zikawa usawa wa masikio ya mtu aliyekaa. Kitambaa cha kudarizi kimehamia juu ya spika, ambako hakina madhara, na hapo mke wangu hakubali majadiliano. Dhidi ya mvua ya Machi kwenye bati sina dawa, ikianza, nazima. Na Julai, baridi ya Uyole inapokaza, paka anapanda juu ya amplifaya ya Kijapani kutafuta joto, analala juu ya matundu yote, na mimi namwondoa mara sita kwa jioni.

Juzi jirani wa bajaji amekuja na maboksi yake yaleyale ya mbao. Kuna kuaga binti kwa mjomba wake Jumamosi, ametumwa aandae muziki.

"Mwalimu, tuungeunge kama ile siku."

Nikayageuza maboksi, nikapima: 3.4, 3.4. Nikamchorea kwenye karatasi: hizi zako tunazifunga kwa mfuatano, 4 na 4 unapata 8, zote kwenye upande mmoja wa ile amplifaya ndogo, nayo inakubali. Hautapata kushoto na kulia, ila kwenye turubai la watu mia nani anakaa katikati?

Akaikunja karatasi, akaitia mfuko wa shati. "Na volyumu?"

"Mwisho saa tano," nikamwambia.

Akafikiri kidogo. "Si mapema sana, Mwalimu? Watu watakuwa ndiyo kwanza wamemaliza kula."